Minyoo wa kondoo katika nyanda kame: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Swali linalorudi kila msimu ni lile lile: "Nimewapa dawa ya minyoo, mbona bado wanadhoofika na wengine wanakufa?" Ukichunguza utakuta karibu kila mara tatizo liko mahali pamoja kati ya patatu. Dawa ilitolewa kwa kukisia uzito. Au ilitolewa kwa kufuata tarehe, bila kuangalia mnyama wala mvua. Au hakuna aliyerudi baadaye kuhakikisha kwamba minyoo wamekufa kweli.

Mwongozo huu ni kwa mwenye kondoo kwenye nyanda kame, ambako mvua ni chache, hunyesha kwa mkupuo, kisha jua linakausha kila kitu. Ushauri ulioandikwa kwa maeneo ya mvua nyingi, ukiufuata kama ulivyo, utakutia hasara. Soma hatua zote kabla ya kununua dawa.

## Vifaa

- Mizani ya kuning'iniza inayofika kilo 100, na gunia au mikanda ya kumbebea mnyama. Kwa wanakondoo, mizani ya kawaida ya kupandia inatosha: jipime ukiwa umembeba, jipime peke yako, toa.
- Sirinji kubwa isiyo na sindano, au bomba la kunyweshea dawa.
- Kikombe cha vipimo vya mililita, cha kuhakiki bomba.
- Kadi ya FAMACHA, yenye rangi tano za utando wa jicho. Iliyopauka kwa jua itupe, maana rangi zake zitakudanganya.
- Heleni za namba, au alama nyingine ya kudumu kwa kila mnyama.
- Rangi ya kupaka mgongoni kwa waliokwisha kupewa dawa.
- Glavu na mifuko midogo ya plastiki ya kukusanyia kinyesi.
- Daftari. Simu pia inafaa, lakini daftari halizimiki ukiwa katikati ya zizi.
- Dawa yenyewe, ambayo utaichagua baada ya hatua ya 1 na ya 3.

Uwe na msaidizi mmoja angalau. Kazi hii ukiifanya peke yako, unaanza kukisia kufikia kondoo wa kumi.

## Hatua ya 1: Tambua unapambana na nani

Katika maeneo ya joto, muuaji mkuu ni Haemonchus contortus, mnyoo mnyonya damu anayekaa kwenye tumbo la nne. Jike lake lina urefu wa sentimita 2 hadi 3, na ukilitazama utaona uzi mwekundu na mweupe vimesokotana. Jike moja linaweza kutaga mayai 5,000 hadi 10,000 kwa siku.

Kila mnyoo humpotezea kondoo damu ya kiasi cha mililita 0.05 kwa siku. Minyoo 2,000 basi ni mililita 100 kila siku, na mwanakondoo wa kilo 20 ana damu kama lita moja na nusu tu mwilini. Ndiyo maana wanakondoo hufa haraka namna ile.

Linalowapoteza wengi ni hili: mnyoo huyu, akiwa peke yake, kwa kawaida haharishi. Kondoo atakuwa na kinyesi cha gololi safi kabisa, hata mwili wake haujakonda, kisha ataanguka akikimbizwa umbali mfupi. Mfugaji anayesubiri kuona kuhara ndipo atoe dawa huwa amechelewa. Dalili zake ni utando wa jicho kupauka, uchovu, kubaki nyuma ya kundi, na uvimbe laini wa maji chini ya taya.

Wengine, kwa ufupi:

Minyoo wa utumbo, kama Trichostrongylus, ndio wanaoleta kuhara, mkia mchafu na kukonda polepole. Oesophagostomum huacha vinundu kwenye ukuta wa utumbo.

Minyoo bapa wa ini hupatikana kwenye matope na madimbwi yenye konokono. Kwenye nyanda kame watu hudhani hawapo, na kumbe kiangazi ndicho kinachokusanya mifugo yote kwenye kingo za maji machache yaliyobaki. Madhara huonekana miezi 2 hadi 4 baadaye, mahali pengine kabisa.

Tegu huonekana kwa macho: vipande vyeupe kama punje za wali kwenye kinyesi. Huwatisha wafugaji kuliko wanavyostahili. Kondoo mkubwa mwenye tegu mara nyingi hana tatizo lolote, na ukimtibu tegu ukamwacha mnyonya damu, umetibu asiyeua.

Koksidia si minyoo. Ni vijidudu vinavyoharisha wanakondoo, hasa wa wiki 3 hadi miezi 5 wanaobanwa kwenye zizi chafu. Dawa ya minyoo haiwagusi kabisa.

## Hatua ya 2: Fuata mvua, si kalenda ya ukutani

Ratiba ya "kila baada ya miezi mitatu" sioni faida yake kwenye nchi kavu. Mnyoo mwenyewe hafuati miezi.

Mayai yanatoka na kinyesi. Yakipata joto na unyevu, ndani ya siku 4 hadi 7 huwa yameanguliwa na mabuu wamefikia hatua ya kuambukiza. Mabuu hao hupanda majani kwenye umande, wengi wakibaki sentimita 5 za chini, na kondoo anawala. Kiasi cha wiki 3 baadaye wamekomaa na wanataga mayai yao.

Jua linapokausha ardhi, mayai na mabuu wengi hufa malishoni. Basi mnyoo anaishije hadi mvua nyingine? Anajificha ndani ya kondoo. Mabuu waliomezwa mwishoni mwa mvua husimamisha ukuaji wao kwenye ukuta wa tumbo na kukaa kimya kiangazi chote. Mvua inapokaribia, wanaamka pamoja.

Hapo ndipo ushauri wa nchi kavu unapotengana na ule wa nchi ya mvua nyingi. Wakati wa mvua, sehemu kubwa ya minyoo iko kwenye majani, nje ya dawa yako. Ukitoa dawa, wachache sugu (wasiouawa na dawa) wanaosalia tumboni watachanganyika na wengi wasio sugu wanaotoka malishoni. Wakati wa kiangazi, karibu minyoo wote wako ndani ya kondoo. Ukiwapa dawa kondoo wote kwa siku moja, watakaosalia ni sugu peke yao, na mvua ikinyesha hao ndio watakaojaza malisho yako. Ukirudia hivyo miaka kadhaa, dawa itageuka maji.

Kwa hiyo panga hivi:

1. Wiki 2 hadi 3 baada ya mvua za kwanza: anza ukaguzi wa macho, kisha rudia kila wiki 2 hadi mvua ikome. Hiki ndicho kipindi cha vifo.
2. Wiki 2 kabla ya kuzaa hadi wiki 8 baada ya kuzaa: majike hupungukiwa na kinga, na mayai kwenye kinyesi chao huongezeka sana. Wao ndio wanaowaambukiza watoto wao wenyewe. Wakague kwa karibu kuliko wengine.
3. Kiangazi: kagua kila wiki 4 hadi 6. Tibu anayehitaji tu. Kondoo aliyekonda mwishoni mwa kiangazi huku jicho lake ni jekundu ana njaa, na njaa haitibiwi kwa dawa ya minyoo.

Angalia pia mahali ambapo mvua "haikomi": bomba linalovuja, ukingo wa bwawa, shamba la umwagiliaji, korongo lenye majani mabichi. Kundi linaweza kuambukizwa vibaya katikati ya ukame kwa sababu ya eneo dogo tu la kijani ambalo kila kondoo analikimbilia.

## Hatua ya 3: Kagua kila kondoo, jicho kwanza

Mbinu ya FAMACHA ilibuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya mnyoo huyu huyu. Inapima upungufu wa damu kwa rangi ya utando wa ndani wa kope la chini.

Fanya kwenye mwanga wa nje, jua likiwa nyuma yako. Kivuli cha banda au mwanga wa jioni hubadilisha rangi.

1. Kwa kidole gumba cha juu, funika jicho kwa kope la juu.
2. Sukuma taratibu mboni irudi ndani kidogo. Usiogope, haidhuriki ukitumia nguvu ndogo.
3. Kwa kidole gumba cha chini, vuta kope la chini.
4. Utando utajitokeza. Soma rangi papo hapo ukilinganisha na kadi, ukikawia utabadilika.

Soma macho yote mawili. Yakitofautiana, chukua lililopauka zaidi. Ukiwa katikati ya namba mbili, chukua ile mbaya.

- 1 (nyekundu) na 2 (nyekundu inayoelekea waridi): usimpe dawa.
- 3 (waridi): kondoo mkubwa mwenye afya, subiri ukaguzi ujao. Mwanakondoo, jike lenye mimba au linalonyonyesha, au aliyekonda, mpe.
- 4 (waridi iliyopauka) na 5 (nyeupe): mpe dawa leo.

Zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kundi wakiwa 4 na 5, wape dawa na wote wa 3, na fupisha muda wa ukaguzi uwe wiki moja.

Kuwaacha bila dawa wenye macho mekundu ndiko kunakowashinda wafugaji wengi. Wanahisi wanabahatisha. Lakini minyoo hawagawanyiki sawasawa: kondoo wachache, robo ya kundi hivi, ndio wanaobeba sehemu kubwa ya minyoo wote. Ukiwatibu hao umepunguza mzigo mkubwa, na minyoo waliobaki kwa wenzao ndio wanaoifanya dawa yako iendelee kufanya kazi.

### Usiishie kwenye jicho

Ukiwa umemshika, gusa sehemu nne nyingine.

Taya: papasa chini yake. Uvimbe laini ni wa kutibiwa hata kama jicho linaonekana la 3. Uangalie jioni, baada ya kundi kutoka malishoni; asubuhi mara nyingi huwa umeshuka.

Mgongo: bonyeza juu ya kiuno. Mifupa ikichoma kiganja kama ukingo wa ubao, amekonda.

Mkia: uchafu wa kuhara unaashiria minyoo wa utumbo au koksidia, na kadi ya macho haiwaoni hao.

Pua: makamasi mazito na kupiga chafya mara kwa mara huenda ni funza wa nzi wa puani.

Onyo. Vumbi na maambukizi ya macho hufanya utando uwe mwekundu, na nchi kavu haikosi vumbi. Jicho linalotoa machozi au usaha usiliamini. Tazama ufizi na midomo ya ndani badala yake. Tena jicho jeupe halina maana moja. Kupe wengi, minyoo wa ini na magonjwa ya damu yanayoenezwa na kupe au mbung'o hupausha vilevile. Mnyama mwenye utando mweupe na homa, mwitie mtaalamu wa mifugo.

## Hatua ya 4: Pima uzito na upige hesabu

Hapa ndipo dawa nyingi zinapopotea. Macho ya binadamu hukadiria kondoo chini ya uzito wake, hasa kondoo mnene wa mkia mpana. Dawa pungufu huua minyoo dhaifu na kuwaacha wale imara wakiwa wamezoea.

Kama huwezi kupima wote, wagawe kwa ukubwa: wanakondoo, wa katikati, wakubwa. Katika kila kikundi mpime yule anayeonekana mzito kuliko wote, na uzito wake ndio uwe kipimo cha kikundi kizima. Usitumie wastani, maana wastani unawapunja nusu ya kundi. Ila kwa levamisoli na klosanteli ni afadhali kumpima kila mmoja. Dawa hizi hazisamehe kuzidishwa.

Sasa hesabu. Chupa ina nguvu yake, na hapa watu hukosea kwa sababu dawa ile ile huuzwa kwa nguvu tofauti. Chukua albendazoli, ambayo kwa minyoo wa tumbo la kondoo hutolewa miligramu 5 kwa kila kilo:

- Kondoo wa kilo 30 anahitaji 30 × 5 = miligramu 150.
- Chupa ya asilimia 2.5 ina miligramu 25 katika kila mililita. 150 ÷ 25 = mililita 6.
- Chupa ya asilimia 10 ina miligramu 100 katika kila mililita. 150 ÷ 100 = mililita 1.5.

Aliyezoea chupa ya kwanza akatoa "mililita 6 kama kawaida" kutoka ya pili ametoa mara nne. Aliyefanya kinyume ametoa robo. Kibandiko cha chupa kikitaja kipimo tofauti na hiki, fuata kibandiko.

Dawa nyingine za kawaida kwa kondoo: levamisoli miligramu 7.5 kwa kilo, ivermektini 0.2, klosanteli 10. Kwa minyoo wa ini, triklabendazoli miligramu 10 kwa kilo huua hata wale wachanga, ilhali albendazoli kwa kipimo cha juu cha 7.5 huua waliokomaa tu.

Maonyo ambayo usiyapite:

Albendazoli usimpe jike lililopandwa ndani ya mwezi mmoja uliopita. Inaweza kuharibu mimba. Levamisoli ikizidi, mnyama hutokwa na mate na kutetemeka. Klosanteli ikizidi huweza kupofusha kabisa.

Mrututu, ambao bado watu huwanywesha kondoo kwa imani kwamba unaua minyoo, ni sumu ya shaba. Kondoo huathirika na shaba kuliko mifugo mingine mingi. Achana nao.

Na usitumie hesabu ya kondoo kwa mbuzi. Mwili wa mbuzi huondoa dawa hizi haraka zaidi, kwa hiyo kipimo chake ni tofauti, muulize mtaalamu.

## Hatua ya 5: Nywesha ipasavyo

Albendazoli na wenzake, pamoja na ivermektini ya kunywa, hufanya kazi vizuri zaidi tumbo likiwa halijajaa, kwa sababu dawa hukaa mwilini muda mrefu. Wazuie kula usiku mmoja kabla, kwa muda wa saa 12 au zaidi kidogo, maji wakiwa nayo. Majike yaliyokaribia kuzaa na wanyama waliodhoofika usiwashindishe njaa.

1. Tikisa chupa. Albendazoli hutuama chini. Usipotikisa, wa kwanza wanakunywa maji na wa mwisho wanakunywa tope la dawa. Rudia kutikisa kazi ikiendelea.
2. Hakiki bomba. Liweke kwenye mililita 6, lifyatue mara 10 ndani ya kikombe. Usipopata mililita 60, lirekebishe.
3. Simama ubavuni, kichwa cha kondoo kikiwa usawa wake wa kawaida. Usikiinue juu, dawa ikiingia mapafuni anaweza kufa.
4. Ingiza ncha kwenye kona ya mdomo, ipite juu ya ulimi hadi nyuma yake, ndipo ubonyeze taratibu.
5. Subiri ameze. Akikohoa, mwachie.
6. Paka rangi, andika namba, uzito, dawa, kipimo na alama ya jicho.

Kwa nini nyuma ya ulimi? Dawa ikimwagwa mbele ya mdomo, mfereji wa koo hujifunga na kuipeleka moja kwa moja tumbo la nne, ikipita haraka kabla haijafanya kazi. Tumbo kubwa la kwanza ndiyo ghala inayoitoa kidogo kidogo.

Ukitoa dawa mbili za makundi tofauti (yaani familia tofauti za dawa, kama albendazoli na levamisoli), mpe moja kisha nyingine. Usizichanganye kwenye chupa moja.

Wa alama ya 5 wasikimbizwe wala kutembezwa mbali. Wabakize karibu na zizi, wape maji, majani na chakula chenye protini. Dawa inaua minyoo. Damu inatengenezwa na chakula, na inachukua wiki kadhaa.

Soma kwenye chupa muda wa kusubiri kabla ya kuchinja au kutumia maziwa, uandike tarehe hiyo daftarini siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 6: Hakiki kama dawa imefanya kazi

Hatua hii huachwa na karibu kila mtu, nami naiona ya thamani kuliko zote, kwani ndiyo inayokuambia kama pesa uliyotoa ilinunua kitu.

Siku ya kunywesha, chagua kondoo 10 hadi 15 wenye namba. Kwa glavu, chukua gramu 3 hadi 5 za kinyesi moja kwa moja kutoka kwenye njia ya haja ya kila mmoja. Kamua hewa kwenye mfuko, funga, weka mahali pa baridi bila kugandisha. Kwenye joto, mayai yanaweza kuanguliwa ndani ya siku moja na hesabu ikaharibika. Kinyesi cha kuokota chini hakifai.

Rudia kwa kondoo hao hao baada ya siku 10 hadi 14. Maabara itahesabu mayai kwa gramu. Kama kikundi chenu kina hadubini na slaidi ya McMaster (kioo chenye vyumba viwili vya kuhesabia mayai), mnaweza wenyewe: gramu 4 za kinyesi, mililita 56 za maji yaliyoshiba chumvi, chuja, jaza vyumba vyote viwili, hesabu mayai yaliyo ndani ya mistari, zidisha kwa 50. Mayai ya minyoo wa ini hayaelei kwa njia hii; omba kipimo cha kutuamisha.

Tuseme wastani ulikuwa mayai 800, sasa ni 20. Umepunguza kwa asilimia 97.5, dawa ni nzima. Ukiwa 160, umepunguza asilimia 80 tu. Chini ya asilimia 95 ni dalili ya usugu, lakini kwanza ondoa sababu nyingine: uzito uliokisiwa, chupa isiyotikiswa, dawa iliyokwisha muda au iliyokaa juani. Kama hizo hazipo, badili kundi la dawa. Kutoka albendazoli kwenda fenbendazoli si kubadili; ni familia moja. Nenda levamisoli au klosanteli.

Huna maabara? Tazama macho baada ya wiki 2. Waliokuwa 4 na 5 wanapaswa kuwa wamesogea angalau alama moja kuelekea wekundu wengi wao, na uvimbe wa taya uwe umeisha. Kama wengi wamebaki palepale, shuku dawa.

Usitegemee kinyesi kuamua nani atibiwe mwanzoni mwa mvua. Mabuu wachanga hunyonya damu kabla hawajaanza kutaga. Mwanakondoo anaweza kupauka kabisa huku maabara ikisema "mayai sifuri".

## Hatua ya 7: Punguza maambukizi malishoni

Mzunguko wa malisho. Kurudisha kondoo baada ya siku 10 hadi 20 wakati wa mvua ni kuwarudisha mabuu wakiwa wengi kabisa. Mzunguko wa namna hiyo ni mbaya kuliko kutozungusha. Wahamishe kabla siku 4 za joto na unyevu hazijaisha kama eneo linaruhusu, na malisho yapumzike mwezi mmoja hadi mitatu. Jua likiwa kali na ardhi kavu, muda mfupi unatosha.

Urefu wa majani. Kwa kuwa mabuu wengi wako chini, ondoa kundi kabla hawajakwangua ardhi. Vichaka na miti inayoliwa juu ya magoti haina mabuu, na nyanda kame zimejaliwa hivyo. Maganda ya migunga pia huongeza protini kipindi ambacho majani hayana kitu.

Nani achanganywe na kondoo. Ng'ombe wakubwa hula mabuu wa kondoo na wengi hufia humo. Mbuzi hawasaidii, maana minyoo wao ni wale wale.

Maji. Ukiweza kufanya jambo moja tu, lifanye hapa. Birika liwe juu ya mawe au kokoto, maji yanayomwagika yaelekezwe mbali, na majani yanayoota kwenye unyevu huo yazungushiwe miiba. Kwenye bwawa, chota maji uwapelekee badala ya kuwaacha waingie kwenye matope.

Mbegu. Daftari lako litakuonyesha kondoo wale wale wakirudi kwenye alama ya 4 kila mara. Aliyehitaji dawa mara 3 msimu mmoja muuze achinjwe, muda wa dawa ukiisha, na usibakize watoto wake. Kondoo wekundu wa Kimaasai wanajulikana kwa kustahimili Haemonchus kuliko kondoo wa mbegu ya Dorper, kwa hiyo anayechanganya mbegu ili apate mwili mkubwa ajue anachoacha.

## Hatua ya 8: Zuia usugu usinunuliwe mnadani

Kondoo mgeni huja na minyoo ya alikotoka, na huenda ni sugu. Mtenge zizini siku ya kwanza, mpe dawa mbili za makundi tofauti, mbakize humo siku 3 huku kinyesi kikikusanywa na kuchomwa. Kisha mpeleke kwenye malisho ambayo kundi lako limeyatumia, ili minyoo wake wachache waliosalia wazidiwe na wa kwako. Chukua kinyesi chake baada ya wiki 2.

## Kondoo akifa

Mfungue ndani ya saa chache, kabla minyoo hawajaharibika. Lakini mzoga uliovimba haraka na unaotoa damu isiyoganda puani, mdomoni au kwenye njia ya haja usiufungue kabisa. Huenda ni kimeta, kinachoua na watu. Mwite mtaalamu wa mifugo.

Ukiwa na glavu, pasua tumbo la nne juu ya sahani nyeupe. Nyuzi nyekundu zinazojinyonganyonga zikiwa nyingi, nyama imepauka na tumbo lina maji, ni Haemonchus. Kagua kundi zima kesho asubuhi. Kata ini vipande na ukamue mirija: minyoo bapa kama majani madogo watatoka wakiwapo. Papasa utumbo kutafuta vinundu. Ukikuta tumbo safi, mafuta yapo na nyama ni nyekundu, minyoo hawakumuua, na chupa nyingine ya dawa haitawaokoa wenzake.

Mzoga uzikwe kwa kina au uchomwe. Kichwa na matumbo mabichi visifike kwa mbwa, kwani mbwa ndiye anayerudisha malishoni mayai ya yule tegu ambaye mabuu wake humea kwenye ubongo wa kondoo na kumfanya azunguke mahali pamoja. Mbwa wa zizi nao wapewe prazikwanteli, dawa ya tegu.